Bei, mkataba na malipo: mwongozo kwa mwanamuziki wa shughuli Nyanda za Juu Kusini

Vijana wanaopiga gitaa, kinanda au ngoma huku kwetu huniuliza maswali yaleyale. Nitoze shilingi ngapi? Advansi nidai kiasi gani? Kamati ikigoma kumalizia nifanyeje? TIN, yaani namba ya mlipakodi, ni lazima? Wengi wao wanapiga vizuri kabisa, na wakirushwa hela tatizo huwa si muziki. Walitoka nyumbani na vyombo kabla hawajakubaliana na mtu yeyote nani atalipa, atalipa lini na atalipia kitu gani. Inauma kumwona mpiga solo mzuri akirudi Uyole alfajiri na nauli ya kukopa.

Mwongozo huu ni wa anayeanza, awe Mbeya, Tunduma, Njombe, Mafinga au Iringa, anayepiga harusi, send-off, kipaimara, mahafali, sherehe za kampuni au baa. Fuata hatua kwa mpangilio wake, kwa sababu kila moja inategemea iliyotangulia.

Uwe na hivi kabla ya kuanza

- Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa. Bila hiyo mengine mengi hayaendi.
- TIN kutoka TRA, mamlaka ya mapato. Hutolewa bure, kwa hiyo usimpe hela mtu wa pembeni anayedai atakusaidia kuipata haraka.
- Usajili wa msanii au kikundi BASATA, baraza la sanaa la taifa. Anza kwa afisa utamaduni wa halmashauri yako, atakuelekeza nyaraka zinazotakiwa.
- Laini ya simu ya kazi yenye huduma ya pesa, iliyosajiliwa kwa jina lako mwenyewe. Mweka hazina akituma hela akaona jina la shemeji yako, atasita.
- Daftari kubwa lenye kalenda, na kitabu cha risiti chenye nakala. Stationery yoyote wanavyo.
- Video mbili au tatu fupi za kupiga live, sauti ikiwa kama ilivyo. Kamati haitazami video ya dakika kumi.
- Orodha ya nyimbo mnazozimudu, ikiwa imegawanywa: za kuingiza maharusi, za chakula, za kucheza, za dini.

Jina la bendi unaweza kulisajili BRELA (wakala wa usajili wa biashara) baadaye, mtakapoanza kupata kazi za kampuni na taasisi. Nyimbo zako mwenyewe zisajili COSOTA (ofisi ya hakimiliki) mapema. Ni jambo tofauti na kazi ya shughuli, ila usiliache.

Hatua ya 1. Jua msimu wa pesa

Huku kwetu sherehe hufuata mavuno na kalenda ya kanisa. Mahindi yakishaingia ndani na kahawa ya Mbozi na Rungwe ikianza kulipa, kuanzia Juni na kuendelea, vikao vya harusi huwa kila kona. Mahafali ya darasa la saba na kidato cha nne hujaa kabla ya mitihani ya Septemba na Novemba. Desemba ni ya kampuni, harusi na watu waliorudi nyumbani.

Kwaresma ni kiangazi cha mwanamuziki. Wakatoliki, Walutheri na wengi wa madhehebu ya zamani hawafungi ndoa kipindi hicho, tena mvua bado inanyesha. Hela ya Desemba itenge ifike hadi Pasaka. Kwaresma itumie kufanya mazoezi, kutengeneza waya na kurekodi. Kosa la wengi ni kushika kazi ya bei ya chini mwezi wa tatu kwa njaa, kisha bei hiyo inawafuata hadi Agosti: kamati za mji mmoja zinaongea.

Hatua ya 2. Piga hesabu ya gharama kabla ya kutaja bei

Usianze na "wenzangu wanachukua ngapi". Anza na inachokugharimu wewe kufika, kupiga na kurudi. Chukua mfano wa bendi ya watu sita kutoka Mbeya mjini inayokwenda kupiga harusi Makambako. Tarakimu ni za mfano tu, weka za kwako.

- Haisi kwenda na kurudi: 250,000
- Chakula, watu 8 (wanamuziki sita, fundi mitambo, dereva): 80,000
- Vyumba vinne: 80,000
- Fundi mitambo: 80,000
- Kukodi mitambo: 200,000
- Wanamuziki sita kwa 60,000: 360,000

Jumla ni 1,050,000. Ongeza asilimia 15 ya fungu la bendi, yaani 157,500. Inakuwa 1,207,500. Hapo unataja 1,210,000 na unajua kwa nini.

Fungu la bendi si faida ya kiongozi. Ndilo linalonunua nyuzi, maiki iliyokufa na ekstensheni iliyoungua. Bendi isiyo na fungu hili huazima vyombo maisha yake yote.

Vyumba usivifute kwenye hesabu ili bei ipendeze. Harusi inaisha saa sita usiku, dereva ameamka alfajiri, barabara ina malori ya Tunduma yanayoshuka na mizigo usiku kucha. Laleni, mrudi asubuhi. Kwa kazi ya Tunduma angalia na foleni ya malori: ondoka mapema kuliko ramani inavyokwambia, na muda huo wa ziada uhesabu kama siku ya kazi.

Hatua ya 3. Simu ya kwanza: uliza, usitaje bei

Mtu atapiga: "Kaka, harusi tarehe ishirini, mnachukua bei gani?" Ukijibu papo hapo umejifunga. Salimia vizuri, kama ni mtu mzima shikamoo itangulie, kisha uliza:

1. Tarehe na ukumbi. Mji tu hautoshi, taka jina la ukumbi.
2. Kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi?
3. Mitambo ipo ukumbini, au MC anakuja nayo, au tuje nayo?
4. Jenereta ipo?
5. Wageni ni kama wangapi?
6. Nani mwenyekiti wa kamati na nani mweka hazina?

Swali la mwisho wengi huliruka, na ndilo lenye hela. Anayekupigia mara nyingi ni kaka wa bwana harusi au rafiki aliyewahi kukuona mahali. Ana mapenzi na muziki wako lakini hana mamlaka juu ya shilingi moja. Mwambie kwa heshima kwamba utatuma makadirio kwa mwenyekiti na mweka hazina, kisha uyatume kwa maandishi siku hiyohiyo.

Hatua ya 4. Ongea bei na kamati

Kamati itakwambia bajeti ya muziki ni 900,000. Usikasirike, na usikubali haraka. Kanuni yangu ni kwamba bei ikishuka, kazi nayo ishuke. Rudi kwenye mfano wa Makambako. Kama ukumbi una mitambo mizuri, toa 200,000. Nenda na wanamuziki wanne badala ya sita, kwa hiyo malipo yao yanakuwa 240,000, chakula cha watu sita 60,000, vyumba vitatu 60,000. Jumla inashuka hadi 690,000, na ukiongeza asilimia 15 unapata 793,500. Sasa mnaongea lugha moja na kamati ya 900,000, na hakuna mwenzako atakayepiga bure.

Ukipunguza bei bila kupunguza kitu, umeiambia kamati kwamba bei ya kwanza ilikuwa ya uongo.

Kuhusu MC aliyekuletea kazi: kamisheni ni haki yake kama mmekubaliana mapema na iko ndani ya hesabu yako. Cha juu cha siri ni jambo lingine. MC akiiambia kamati milioni moja na nusu huku wewe unapokea laki tisa, kamati itategemea bendi ya milioni moja na nusu na lawama zitakuangukia wewe. Sisitiza makadirio yaende kwa kamati kwa jina la bendi.

Ndugu na marafiki watataka bei ya undugu. Amua mwenyewe mapema: unaweza kusamehe sehemu yako, lakini huna ruhusa ya kusamehe ya mpiga besi. Kama ni harusi ya binamu yako na unataka kumpa zawadi, wenzako walipwe, wewe upige bure, na itangazwe kama mchango wako.

Hatua ya 5. Andika mkataba wa ukurasa mmoja

Hauhitaji wakili. Unahitaji Kiswahili cha wazi na sahihi za pande mbili. Uwe na haya:

*Bendi itapiga kwenye harusi ya ... tarehe ... ukumbi wa ... kuanzia saa 12 jioni hadi saa 6 usiku, na mapumziko mawili ya dakika 20. Malipo ni Sh 1,210,000. Advansi Sh 605,000 italipwa siku ya kusaini, na tarehe haitashikwa kabla ya advansi kupokelewa. Salio Sh 605,000 litalipwa siku ya sherehe kabla ya bendi kuanza kupiga. Kila saa ya ziada ni Sh ... na italipwa kabla ya saa hiyo kuanza. Kibali cha sherehe, umeme na usalama wa vyombo ukumbini ni jukumu la kamati. Mgeni akiharibu chombo, kamati italipa matengenezo. Sherehe ikiahirishwa kwa msiba au ugonjwa, advansi itahamia tarehe mpya ndani ya miezi sita. Kamati ikivunja mkataba chini ya siku 14 kabla ya sherehe, advansi hairudishwi. Bendi isipotokea, itarudisha advansi yote.*

Sentensi ya mwisho usiifute. Kamati inasaini kwa moyo mweupe inapoona na wewe umejifunga.

Kipengele cha msiba nacho kikae. Huku kwetu msiba wa karibu ukitokea, sherehe husogezwa bila mjadala, na bendi inayodai hela mbele ya matanga hujiharibia jina wilaya nzima.

Kama kamati iko Songea na wewe uko Iringa, tuma mkataba kwa WhatsApp, mwenyekiti ajibu "Tumekubali" kwa jina lake kamili, na mazungumzo hayo usiyafute.

Hatua ya 6. Pokea advansi, andika risiti, ndipo ushike tarehe

Advansi yangu ni nusu. Kwa kazi ya mbali hakikisha angalau inalipa usafiri, chakula na malazi yote. Hata salio likisumbua, hamtalala stendi.

Anayeahidi hajashika tarehe. Wakiwa wawili wanataka Jumamosi moja, mwambie kila mmoja ukweli kwamba mwingine yupo na wa kwanza kulipa ndiye. Kwenye daftari andika kwa penseli ahadi na kwa peni iliyolipiwa. Watu wawili wa bendi wasishike kazi kila mmoja kivyake. Kalenda iwe moja na mtu wake awe mmoja.

Advansi ikiingia, tuma ujumbe wa simu pamoja na risiti yenye namba. Na usiile. Hela ya usafiri wa Agosti ikitumika Julai, Agosti utaanza kukopa.

Hatua ya 7. Wiki ya shughuli

Jumatatu mpigie mweka hazina, siyo kijana aliyekuletea kazi. Mkumbushe saa ya kufika na salio. Sema hivi: "Shikamoo mama. Tunakuja Jumamosi kama tulivyoandikiana, saa tisa alasiri tutakuwa ukumbini kufunga vyombo. Salio ni laki sita na elfu tano, tutalipokea kabla ya kuanza." Mweka hazina aliyekumbushwa Jumatatu huitenga hela yako kabla muuza vinywaji hajaifikia.

Angalia hali ya hewa pia. Tukuyu mvua haina taarifa, kwa hiyo turubai liwe ndani ya gari hata jua likiwaka Mbeya mjini. Makete na Njombe mwezi wa saba baridi hubadili mkazo wa nyuzi hadi tuni inahama katikati ya wimbo. Fikeni mapema, gitaa lizoee ukumbi. Beba stabilaiza, maana umeme mdogo wa ukumbi wa pembeni ya mji unaua kinanda.

Hatua ya 8. Salio kabla ya wimbo wa kwanza

Kama utashika hatua moja tu katika mwongozo huu, shika hii.

Fahamu kamati inavyofanya kazi. Fedha ya harusi ni michango na ahadi. Siku ya sherehe iliyopo ndiyo iliyopo, na wiki inayofuata hufanyika kikao cha kuvunja kamati: wanasoma mapato na matumizi, wanapongezana, wanaagana. Baada ya hapo hakuna mwenyekiti wala mweka hazina, na maharusi watakwambia wao hawakuajiri bendi. Deni lako halina mwenyewe.

Kwa hiyo mfuate mweka hazina saa kumi au saa kumi na moja jioni. Utamkuta mlangoni, mkoba begani, anahesabu kreti za soda na kumlipa mpambaji. Hapo ndipo mkoba una hela na yeye ana akili ya kulipa. Nenda mtu mmoja, ukiwa na mkataba na kitabu cha risiti mkononi, umeshavaa sare. Sema kwa upole: "Mama, vyombo viko tayari. Tumalizane ili mimi nisikusumbue tena usiku." Pokea, hesabu mbele yake, andika risiti. Akituma kwa simu, subiri ujumbe wa kweli wa mtandao uingie kwenye simu yako. Usikubali kuonyeshwa ujumbe kwenye simu yake.

Maharusi wakishaingia ukumbini umechelewa. Hakuna atakayekusikia hadi saa sita, na saa sita mkoba umebaki na karatasi za madeni.

Hatua ya 9. Gawaneni usiku huohuo

Kila mtu alipwe kabla ya kulala, kwa kiasi kilichosemwa kabla ya safari, na asaini kwenye daftari. Bendi nyingi huku zimevunjika kwa ajili ya "tutaongea kesho".

Hela ya kutunzwa ipangieni kanuni. Wageni humtunza mwimbaji kwa sababu ndiye wanayemwona, ilhali mpiga besi ndiye aliyewachezesha. Sisi tunaitia kwenye kikapu kimoja na kugawana sawa, fundi mitambo akiwemo. Mwaweza kuchagua vingine, mradi iamuliwe kabla ya shughuli na isiwe jukwaani.

Hatua ya 10. Mahesabu na kodi

Kila Jumatatu andika safu tatu: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki kwenye fungu. Inatosha. Ukienda TRA kukadiriwa kodi ukiwa na daftari lenye risiti, unaongea kwa ushahidi. Ukienda mikono mitupu, afisa atakadiria anavyoona.

Kampuni na ofisi za serikali zikikulipa kwa huduma hukata kodi ya zuio ya asilimia 5. Kwenye kazi ya 2,000,000 utapokea 1,900,000. Hujaibiwa, ila omba cheti cha kodi hiyo na ukitunze. Na uliza mapema wanalipa baada ya siku ngapi, maana huwa hawana mkoba mlangoni. Kazi yao ifanye kwa barua ya kuagiza huduma yenye sahihi, na uwe na fedha ya kuwalipa wenzako wakati unasubiri.

Neno kuhusu baa

Baa haina kamati, kwa hiyo ulinzi wako ni kulipwa kila usiku au kila wiki. Mwisho wa mwezi usiukubali. Mkikubaliana mgawo wa kiingilio, tiketi ziwe na namba na mtu wako akae mlangoni pamoja na wa baa. Mkikubaliana kiwango, kisibadilike kwa sababu mvua imenyesha na wateja hawakuja, wewe umekuja. Bia mtakazokunywa zilipiwe papo hapo, zisiandikwe kaunta, la sivyo mwisho wa wiki meneja atakuletea hesabu inayokaribia malipo yenu.

Ukikwama

*Kamati inasema "pigeni kwanza, salio baadaye".* Onyesha kipengele cha mkataba bila kupandisha sauti. Wakilipa sehemu, piga muziki wa chakula kwa ala tupu, na mwenyekiti aandike kwenye mkataba saa ya kumalizia na asaini. Muda huo usizidi kukata keki. Usizime mitambo mbele ya wageni. Utakuwa umemwadhibu bibi harusi, ambaye hana kosa.

*Umeme umekatika na jenereta haipo.* Andika saa, mwonyeshe mwenyekiti. Muda wa giza unahesabiwa kama muda wenu, kwa kuwa umeme ni jukumu la kamati. Mkiwa na ngoma na sauti, imbeni. Watu hukumbuka bendi iliyoimba gizani.

*Mwenzako hajatokea.* Uwe na majina ya watu wawili wa akiba kwa kila chombo, wanaojua tuni zenu. Anayeziba nafasi alipwe kiasi kilekile, na asiyetokea bila taarifa asilipwe chochote.

*Wageni wanataka muda uongezwe.* Anayeomba huwa mjomba mwenye furaha, wala si mlipaji. Mwelekeze kwa mwenyekiti, saa ya ziada ilipwe kwanza.

*Salio limebaki na kamati imeshavunjwa.* Siku ya tatu tuma ujumbe wa maandishi kwa mwenyekiti na mweka hazina ukitaja kiasi na tarehe ya mwisho. Wakikaa kimya, nenda na mkataba kwa mwenyekiti wa mtaa wanakoishi. Wengi humalizana hapo kwa aibu ya majirani. Likishindikana, Mahakama ya Mwanzo husikiliza madai ya aina hii, na mkataba, nakala za risiti na ujumbe wa WhatsApp ndio ushahidi wako. Usiwatangaze mtandaoni wakati shauri linaendelea.

*Mteja anataka advansi irudi na zimebaki siku tano.* Mkataba unasema siku 14. Kama ni msiba, sogeza tarehe. Kama wamepata bendi ya bei nafuu, advansi inabaki, na wagawie wenzako, kwa sababu nao walikataa kazi nyingine Jumamosi hiyo.